Mawe ya Redio

Mjukuu wangu aliposikia nimealikwa kuzungumza juu ya nyimbo tulizosikiliza redioni wakati wa masomo, aliniuliza kama nitaimba. Nikamjibu sitaimba. Akasema basi watu watabaki nyumbani. Mnaona alivyokosea. Au pengine mmekuja kukimbia mvua, hilo tuliache.

Nianze na mawe. Katika mji huu mtoto hujua mawe kabla ya kujua herufi: la kijani ni la shaba, jeusi ni la kobalti. Lakini mawe ninayoyasema leo ni yale tuliyotia mgongoni mwa redio. Vitabuni yanaitwa betri. Yalipochoka hatukuyatupa. Tuliyaanika juu ya bati, yakapigwa jua kutwa nzima, tukiyageuza kama mtu anavyogeuza samaki wa kukausha, na jioni yalirudi na uhai wa nusu saa, siku nyingine dakika ishirini tu. Nusu saa hiyo haikuchezewa. Aliyefungua redio asikilize bei ya mahindi alitafutwa na nyumba nzima.

Redio yenyewe tuliiita posti. Neno hilo lilikuwa na kazi mbili kwetu, maana zamu ya kiwandani nayo ni posti, na baba yangu alikuwa mtu wa posti ya usiku huko Shituru. Posti moja ilimlaza mchana, na posti nyingine ilitaka kumwamsha. Kwa hiyo mimi nilijifunza muziki kwa sauti ya chini, sikio limebanwa kwenye kitambaa cha spika, pumzi nimeishika. Hadi leo wimbo ukipigwa kwa sauti kubwa nauona kama si wenyewe, kama ndugu yake tu.

Mwaka 1974 nilikuwa kampasi ya Lubumbashi. Wakati huo ilikuwa kipande cha chuo kikuu kimoja cha nchi nzima, UNAZA, kilichoundwa 1971 kwa kuunganisha vyuo vya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi. Mtu wa hapa hapa, V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Jadotville mwaka 1941 kabla mji haujapewa jina la Likasi, alikuwa mmoja wa walimu wakubwa pale. Mnangoja niseme kwamba tulikesha tukisoma vitabu vyake. Wako waliokesha hivyo. Sisi wa chumba chetu, wavulana wanne, tulikesha tukitafuta Lusaka.

Kutafuta Lusaka ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja alizungusha kifundo kwa ncha ya kidole, polepole sana, sindano nyekundu ikipita juu ya majina ya miji ambayo hakuna kati yetu aliyeiona. Wa pili alishika waya uliofungwa kwenye nondo ya dirisha. Waya peke yake haukutosha. Ulitaka mkono wa mtu. Mkono ukishuka, Lusaka nayo inashuka, na badala yake anaingia mtu anayesoma habari kwa lugha ambayo tuliamua kuwa ni Kireno. Mwenye mkono mrefu kati yetu alikuwa kijana wa Likasi kama mimi, wazazi wake wenye asili ya Kasai. Nitamrudia. Kwa sasa mwoneni tu amesimama juu ya kitanda, mkono juu, kama mtu anayeapa.

Na siku moja likaja lile gita. Wenye umri wangu wanalijua: noti chache, nzito, zinapanda na kushuka kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, kisha zinarudiwa mpaka mwili unazizoea. Ulikuwa wimbo wa Deep Purple, “Smoke on the Water”, uliotoka mwaka 1972. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuombaomba, lakini mwenzetu mmoja alifasiri jina lake: moshi juu ya maji. Sisi wawili wa Likasi tukatazamana. Moshi tunaujua, maji tunayajua. Ni Shituru hiyo! Tukawaeleza wale wengine kwa uhakika kabisa kwamba Waingereza hawa wamefika kwetu, wameona mabomba ya kiwanda asubuhi, wakaenda kutunga. Tulisadikiwa kwa muda wa miezi miwili hivi.

Miaka mingi baadaye nikajua kisa chenyewe. Tarehe 4 Desemba 1971, huko Montreux, Uswisi, jumba la starehe liliungua wakati Frank Zappa akipiga muziki ndani yake; mtu mmoja katika watazamaji alirusha fataki darini. Vijana wa Deep Purple walikuwa wamefika mji huo kurekodi, wakautazama moshi ukitanda juu ya ziwa. Basi. Hakuna Shituru. Lakini nakiri mbele yenu kwamba nikiusikia wimbo ule hata sasa, sioni ziwa la Uswisi. Naona baba anarudi alfajiri, chombo chake cha chakula kinagonga kwenye mpini wa baiskeli.

Tukumbuke redio ya nyumbani ilikuwaje miaka hiyo. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire na mkoa wetu ukawa Shaba. Mwaka uliofuata tukaambiwa tuache majina ya ubatizo. Sauti ya Zaire ilitupa hotuba, nyimbo za kumsifu kiongozi, na muziki wa Kinshasa kwa Kilingala. Muziki ule ulikuwa mtamu, sitaki unafiki. Zaiko Langa Langa, waliokuwa vijana wa shule walipoanza Desemba 1969, walikuwa wameacha tarumbeta na kuliachia gita la umeme na ngoma kazi yote, na miguu yetu haikuuliza wimbo umetoka mkoa gani. Mwezi Septemba 1974 Kinshasa ikapata James Brown, B. B. King na Miriam Makeba kwa siku tatu uwanjani, Ali na Foreman wakiwa bado wanasubiri pambano lao. Sisi Lubumbashi tulipata habari za tamasha lile kama mtu anavyopata harufu ya nyama ya jirani.

Lakini tazameni jambo moja. Nyimbo zilizotutikisa zilikuwa ama kwa Kilingala ama kwa Kiingereza. Lugha tuliyogombania nayo chakula, lugha ya mama, hiki Kiswahili chetu, tuliisikia redioni katika michezo ya kuigiza ya Mufwankolo na kikundi chake, na katika nyimbo za wazee ambazo sisi wanafunzi tulijitia kuzidharau. Hapo ndipo penye jambo lililonileta leo.

Kwanza tuvuke mpaka kidogo. Ng'ambo ya Kasumbalesa, katika miji ya shaba ya Zambia, vijana wa umri wetu walikuwa wakisikia magita yale yale ya Ulaya na Marekani, ila wao hawakuishia kusikiliza. Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga gita, aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia. Rais wetu naye alitaka uhalisi, na uhalisi wake ukatuletea suti mpya na nyimbo za chama. Amri ya Kaunda ilikuta vijana wenye njaa ya gita la umeme, na redio yenye saa nyingi za kujazwa. Ukazaliwa muziki wa roki wa Kizambia: Musi-O-Tunya, Amanaz, Ngozi Family, na bendi ya WITCH iliyoongozwa na Emanuel Chanda wa Kitwe. Watu walimwita Jagari, kwa mfano wa Mick Jagger, jina likiwa limekwisha kuoshwa kwenye maji ya kwetu. Waliimba kwa Kiingereza na kwa Kibemba, na gita lao lilikuwa na kutu fulani, sauti ya kitu kilichochimbwa. Mtu akiniuliza roki bora niliyoisikia katika masomo yangu, sitataja London. Nitataja Kitwe.

Baadaye bei ya shaba ikaanguka, pesa ya starehe ikakauka, ukimwi ukachukua wengi wa wale vijana. Jagari aliyebaki akawa mwalimu, kisha akaenda kuchimba vito. Naona mnacheka. Ndiyo, mchimbaji, kama hawa watoto wetu wanaoshuka mashimoni leo. Mwaka 2019 ikatoka filamu juu yake, akapanda tena jukwaani Ulaya akiwa mzee, na mwaka 2023 WITCH wakatoa sahani mpya, “Zango”.

Sasa nirudi kwenye dharau yetu. Sisi tuliamini kwamba gita limekuja na ndege. Kumbe miaka zaidi ya ishirini kabla yetu, mwaka 1952, Hugh Tracey, mtu wa kurekodi aliyetoka Afrika Kusini na mashine zake, alimkuta kijana akipiga gita hapa hapa, katika mitaa hii, wakati mji ukiitwa Jadotville. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya mwaka 1930. Alipiga “Masanga” kwa gita la mbao tupu, bila umeme, kwa kidole gumba na cha shahada. Gumba linatembea chini kama mtu mwenye safari. Kidole cha juu kinacheza kama mtoto anayefuatana naye, mara yuko mbele, mara yuko nyuma, mara amepotea na unamsikia tena kichakani. Vidole viwili! Mwaka huo huo wimbo ukapata tuzo. David Rycroft, mtaalamu wa muziki, akaandika makala mwaka 1961 na 1962 akiufumua noti kwa noti ili kujua mtu mmoja anapataje sauti za watu wawili. Bosco akaenda Nairobi, na mwaka 1969 akasimama katika tamasha la Newport, Marekani. Wapiga gita wa Ulaya walifunga safari kuja kujifunza kwake. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990.

Na mwaka 1974, sisi wasomi, tungemsikia Bosco huyo, yaani Mwenda wa Bayeke, redioni, tungefanya nini? Tungezungusha kifundo. Tulifanya hivyo, mara nyingi. Tulikuwa tunaokoa mawe kwa ajili ya Waingereza.

Si yeye peke yake. Baba Gaston, Ilunga wa Ilunga, mtu wa Likasi, alichukua bendi yake ya Baba National akapita njia ya mashariki: Dar es Salaam mwaka 1971, Nairobi mwaka 1975. “Kakolele” yake hupigwa Kenya kila Krismasi, na ukimwambia Mkenya kwamba mtunzi ni wa kwetu, atakutazama kama mtu aliyedai kwamba Mlima Kenya uko Kambove. Mwaka 1976 wanamuziki wake wakatoka wakaunda Les Mangelepa. Super Mazembe nao, bendi iliyoanzia Zaire ikapitia Zambia, wakarekodi “Kasongo” mjini Nairobi mwaka 1977. Wimbo huo ulikaa kimya kwa wazee hadi mwishoni mwa 2024, vijana wa Kenya walipoudaka ghafla na kumbandika rais wao jina hilo. Watoto wa mwaka 2000 wakaimba wimbo uliotangulia kuzaliwa kwao kwa miaka zaidi ya ishirini. Hawakuwa na kumbukumbu yoyote nao.

Nimelitaja hilo kwa sababu ya ubishi nilio nao na wenzangu wa rika langu, na wengine wao nawaona hapa mbele, mikono imekunjwa. Tunapokutana, wimbo wa zamani ukipigwa, hatumalizi dakika tatu kabla mmoja hajasema: “Wakati ule, mshahara ulifika tarehe yake.” Mwingine ataongeza posho ya unga. Wa tatu ataingiza hospitali, shule, mpira. Wimbo unasahaulika. Tulianza na gita, tukaishia kwenye kampuni.

Kilio hicho kina sababu zake, nami sikitukani. Huku tulisema kazi njo baba, njo mama. Mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu aliandika kitabu kizima, kilichotoka 2001, juu ya wana wa Shaba walioachwa na baba yao huyo. Kampuni hiyo, Union Minière, ilianza 1906, ikajenga Shituru, ikafunga maji ya Lufira pale Mwadingusha mwaka 1930 ili mitambo ipate umeme, ikajenga kambi, ikahesabu hata uzito wa watoto. Gécamines ikarithi. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa shaba zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka. Mwaka 1993 haikufika 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliandikishwa kuondoka, na kuondoka huko kukaitwa kwa hiari. Mtu aliyepitia hayo ana haki ya kulia hata akisikia kengele ya baiskeli.

Daktari kijana, Johannes Hofer, ndiye aliyeipa hamu ya namna hii jina la ugonjwa, huko Basel mwaka 1688, kwa ajili ya Waswisi waliokuwa mbali na kwao. Karibu miaka themanini baadaye Rousseau akaandika kwamba askari wa Kiswisi walikatazwa kupiga wimbo fulani wa wachungaji wa ng'ombe, adhabu yake kifo, kwa kuwa waliousikia walilia, wakatoroka, au wakafa. Akaongeza jambo ambalo watu husahau kulitaja: alisema nguvu hiyo haimo katika wimbo. Mgeni akiusikia haoni kitu. Nami namfuata nusu ya njia. Kweli, mshahara na unga havimo ndani ya wimbo. Sisi ndio tuliovitia. Lakini kusema ndani ya “Masanga” hamna kitu, hapo Rousseau na mimi tunaachana, maana mgeni aliusikia akavuka bahari kuja kuujifunza.

Ninachosema ni hiki. Kampuni haikutupa nyimbo zile. Bosco alipatikana mtaani. Jagari hakutumwa na mgodi. Baba Gaston aliondoka. Lusaka tuliipata kwa mkono wa mtu aliyesimama kitandani. Tunapoufunga muziki kwenye gunia moja na mshahara, tunampa baba yule sifa ya kitu ambacho watoto walikifanya yeye akiwa amelala. Kisha tunamwambia kijana wa leo kwamba kwa kuwa hana kampuni, hawezi kuwa na wimbo. Mbona anao? Karindula inapigwa kwa banjo la kutengenezwa na kopo na ngozi, mbele ya nyumba ya msiba, bila umeme wa Mwadingusha wala wa popote.

Tena kuna upande wa enzi ile ambao hauimbwi. Nilisema nitamrudia mwenye mkono mrefu.

Yeye alikuwa na sahani. Mimi nilikuwa na posti tu, lakini yeye, tuliporudi Likasi na kupata kazi, alinunua fono na sahani kumi na mbili, akaziandika namba kwa kalamu nyekundu. Jumamosi tulikuwa kwake. Aliwapenda WITCH kuliko mimi, na ndiye aliyenirudisha kwa Bosco. Aliniambia nisikilize gumba peke yake, kisha nisikilize kidole peke yake, kisha niache kuchagua. Mwaka 1992 mji huu ukawageukia watu wenye asili ya Kasai, hata waliozaliwa hapa, hata ambao baba zao walizikwa hapa. Mnakumbuka stesheni. Maelfu ya watu walilala pale, wiki baada ya wiki, hadi mwaka uliofuata, chini ya maturubai, wakingoja gari la moshi, na wengine walikufa kabla halijafika. Nilimpelekea chakula mara tatu. Ningeweza kwenda mara kumi. Mara ya tatu alinipa sanduku lenye sahani, akasema gari halina nafasi ya muziki.

Sahani moja ilivunjika. Kumi na moja ninazo.

Tuliandikiana mpaka barua zikakoma. Juzi mwanawe alinipigia simu kutoka Mbuji-Mayi. Baba yake alikuwa ameondoka mwaka uliopita. Akaniuliza kama ni kweli kulikuwa na sanduku, au ilikuwa hadithi ya mzee. Nikamwomba asikate simu. Nikaenda kulifungua nikamsomea namba, moja hadi kumi na mbili, nikiiruka ya tano, zikiwa bado nyekundu.

Fundi wa sokoni amenitafutia sindano ya fono, na fono lenyewe ndilo hili chini ya kitambaa. Mlidhani ni mimbari. Nitaweka namba ya tisa, kama umeme utatuvumilia. Ina mkwaruzo katikati, na hapo itaruka. Msiguse kitu. Imekuwa ikiruka hapo tangu aliponunua, na sisi tulijifunza kuiimba pamoja na mruko wake.